ULIZA FUNDI: Redio koli kwenye gari la porini, anza na antena

Mwezi huu meseji za redio zimekuwa nyingi kuliko za kitu kingine chochote, nadhani ni kwa sababu msimu unakaribia na watu wanaandaa magari, basi nimeamua safu yote iwe ya redio za kwenye gari, wale wa betri za sola nawaomba wanivumilie mpaka toleo lijalo.

Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Karatu, gari ni Land Cruiser ndefu yenye rufu ya kunyanyuka. Redio ya zamani ilikuwa VHF ya wati 25, ilikuwa haifiki mbali, bosi akanunua mpya ya wati 50. Tumeifunga kwenye antena ileile na hamna kilichobadilika. Nikiwa chini kreta ya Ngorongoro wenzangu waliomo humo nawapata safi kabisa ila nikiita ofisini Karatu ni kimya. Je redio ni feki?

Marahaba mdogo wangu. Redio yako haina shida, tena usiifungue. Hapo una mambo mawili yamechanganyika, ngoja niyatenganishe.

La kwanza ni kreta yenyewe. VHF, yani masafa ya redio yako, inakwenda kama mwanga wa tochi, inanyooka, ikikuta mlima inaishia hapo, na wewe uko ndani ya bakuli ambalo kuta zake zina karibu mita 600 kwenda juu na Karatu iko nje upande wa pili wa huo ukuta. Mwenzako aliye upande mwingine wa kreta, hata kama mko kilomita 15, mnaonana, ndo maana mnasikilizana vizuri. Hata ukifunga wati 100 ukuta hautoboki. Kinachotakiwa ni ripita iliyokaa juu kwenye ukingo au mlimani, inakusikia wewe wa chini na inarusha upya kwa wa nje, na redio yako iwe imepangwa chaneli ya hiyo ripita, yani frikwensi mbili, ya kusikilizia na ya kurushia, pamoja na toni yake, ule mlio mdogo unaoifungua ripita. Redio mpya ikitoka dukani haina hizo chaneli, kwa hiyo muulize bosi aliyeiprogramu alinakili zote kutoka ile ya zamani au aliweka ile moja tu ya gari kwa gari. Ningeanza hapo kabla ya kushika spana.

La pili ndo linaloniuma kila siku, watu wanatoa hela nyingi kwenye redio halafu antena wanaiacha ileile iliyopigwa na matawi ya migunga miaka 6. Kutoka wati 25 kwenda 50 umeongeza desibeli 3 tu, sikio la anayekupokea halioni tofauti ya maana, lakini antena mbovu inaweza kumeza zaidi ya hapo na bado redio ikawaka taa zote vizuri na wewe ukaamini iko sawa. Chukua mita ya SWR, ile inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena, unaiweka kati ya redio na antena, unabonyeza kuongea kwenye chaneli ambayo haina mtu, unasoma. Ikisoma 1.5 au chini yake uko vizuri, hapo nguvu inayorudi ni kama asilimia 4. Ikisoma 2 inarudi asilimia 11, bado utafanya kazi. Ikisoma 3 robo ya nguvu yako inarudi kwenye redio na redio nyingi hapo zinajipunguza zenyewe ili zisiungue, kwa hiyo ile wati 50 ya bosi inakuwa jina tu. Na usije ukabonyeza kuongea antena ikiwa haijafungwa kabisa, unaua transista za mwisho na hizo ndo bei yake.

Sasa antena ikae wapi. Watu wengi wanafikiri antena ni ule mwiba tu unaosimama, kumbe huo ni nusu, nusu ya pili ni bati la gari lililo chini yake. Mwiba wa robo ya wimbi unataka bati lililosambaa pande zote kwa urefu kama wake, ndo maana mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya paa. Hesabu yake ni rahisi, chukua 75 gawanya kwa frikwensi yako ya megahezi unapata mita, kwa mfano 150 inakupa nusu mita kamili, halafu unapunguza kama asilimia 5 unabaki na sentimita 47 na kitu. Ukiikata ikate kidogo kidogo, milimita 3 kwa mara moja, kwa sababu sentimita 1 nzima inakuhamisha karibu megahezi 3 na ukishakata hakuna kurudisha. Ukiona SWR ni nzuri kwenye chaneli za chini na mbaya kwenye za juu ujue antena bado ndefu, ikiwa kinyume chake ujue ni fupi tayari, weka mkasi chini.

Ila gari lako ni la rufu ya kunyanyuka na hapo ndo ugumu ulipo. Kama rufu ni ya faiba basi chini ya antena hamna bati, antena itasimama vizuri tu machoni lakini haina nusu yake ya pili. Na hata ikiwa ya bati, wageni wanasimama humo vichwa nje, huwezi kuwawekea antena ya wati 50 karibu na uso, mimi nataka angalau mita 1 kati ya antena na kichwa cha mtu na sitetereki kwenye hilo. Kwa gari kama lako huwa naishusha mbele, kwenye ukingo wa boneti au kwenye bomba la gadi ya mbele, na kwa kuwa pale hakuna bati la kutosha naweka antena ya nusu wimbi ambayo haitegemei bati, inakuwa kama mita 1 hivi, chini inakaa springi ili tawi likiipiga ilale isikatike. Hapo unapoteza kidogo kulinganisha na paa, nakwambia ukweli, lakini unapata usalama wa wageni na antena haikwaruzi miti.

Kitu kimoja zaidi, fuata kebo kwa mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho. Magari mengi ninayoletewa kebo imepitishwa kwenye mlango na imebanwa kila mlango unapofungwa, ndani shilidi, ule wavu wa nyaya unaozunguka waya wa katikati, imeshakatika, ukiitazama nje plastiki ni nzima. Na iwe kebo ya omu 50, RG-58 inatosha kwa gari, siyo ile ya televisheni ambayo ni ya omu 75, hata kama fundi wa dishi kakwambia ni kitu kimoja.

Habari za kazi fundi, mimi ni mama mwenye kampuni ndogo ya utalii hapa Moshi, magari mawili tu, moja ni Land Rover Defender. Nimenunua antena ya sumaku ili nisitoboe gari, inaanguka, haishiki kabisa. Nimeuziwa mbovu?

Pole mama, sumaku yako ni nzima. Bodi ya Defender ni aluminiamu na sumaku haishiki aluminiamu, ipeleke kwenye lile gari lako lingine kama ni la chuma utaona inavyong'ang'ania. Wauzaji wengi hawaulizi gari ni gani, wanauza tu.

Habari nzuri ni kwamba aluminiamu ni bati zuri sana kwa antena, umeme unapita vizuri, kwa hiyo paa la Defender ukilitoboa katikati unapata moja ya antena bora ambazo gari linaweza kuwa nayo. Najua kutoboa kunauma roho, hasa gari ukiwa umelinunua kwa jasho lako, lakini tundu la milimita 19 lililofungwa vizuri na mpira wake na silikoni halivuji maji hata kidogo, mimi nina magari nimeyatoboa na yamepita masika mengi tu. Fundi wako akwangue rangi upande wa ndani pale kikalio cha antena kinapogusa bati mpaka ling'ae, akipake grisi kidogo ili aluminiamu na chuma visilane, kwa sababu chuma kikikutana na aluminiamu pakawa na unyevu aluminiamu inageuka unga mweupe na ethi inapotea taratibu, unakaa miezi unajiuliza mbona redio inafifia.

Kama hutaki kutoboa kabisa basi kuna breketi ya kufunga kwenye bawaba ya boneti au kwenye keria. Keria angalia isiwe imepakwa rangi nzito ya poda na kukalia mipira, maana hapo haina mawasiliano na bodi, lazima umpe waya mpana wa ethi kwenda kwenye bodi.

Niaje fundi, nawasoma kutoka Voi. Gari yangu ni pickup ya Hilux, radio nimeweka mwenyewe, waya nimetoa pale pa kuwashia sigara. Nikifinya kuongea radio inazima na kuwaka tena, na engine ikiwa on kuna mluzi unapanda nikikanyaga mafuta. Mekanika anasema ni altaneta nibadilishe.

Kaka usinunue altaneta bado. Redio yako ikiwa kimya inakula umeme kidogo sana, lakini ukibonyeza kuongea ya wati 50 inavuta ampea 10 mpaka 12 kwa mpigo, na ule waya wa kiwasha sigara haukutengenezwa kwa hiyo kazi. Fanya hesabu hii, waya wa milimita 1 ya mraba, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, ukipitisha ampea 11 unaangusha karibu volti 2 njiani. Betri ina 12.6 gari likiwa limezimwa, kwa redio inafika 10 na kitu, redio inaona betri imekufa inajizima, umeme unarudi juu inawaka tena. Ndo hicho unachokiona.

Dawa yake ni kwenda moja kwa moja kwenye betri. Waya wa milimita 4 za mraba au zaidi, mwekundu na mweusi, hapo utaangusha nusu volti tu. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, isizidi shubiri moja kutoka kwenye tominali, siyo ndani karibu na redio, kwa sababu fyuzi kazi yake ni kuulinda waya, na waya ukichunwa na bati pale unapopita kwenye ukuta wa injini kabla haujafika kwenye fyuzi basi gari linaungua na fyuzi yako ikiwa nzima. Nimeliona gari limeungua dashibodi yote namna hiyo, mwenyewe alikuwa kashuka anakunywa chai. Pale ukutani weka mpira kwenye tundu, hii haina mjadala. Barabara zetu zenye rasta zinatikisa kila kitu, waya usiobanwa kila sentimita 30 hivi utajisaga wenyewe mpaka shaba itoke.

Ukimaliza weka mita kwenye tominali za redio yenyewe, injini ikinguruma, bonyeza kuongea na tazama, ikianza 13.8 na ikabaki juu ya 13 umemaliza kazi.

Mluzi unaopanda na mafuta ni kweli unatoka kwa altaneta ila mara nyingi unaingia kupitia waya wa umeme uliochangia na vitu vingine vya gari, ukienda betri moja kwa moja mara nyingi unaisha wenyewe. Usipoisha kagua ethi kati ya injini na bodi, ule mkanda wa shaba uliosukwa huwa umeoza. Na kuna kelele nyingine ambayo si mluzi, ni kama mvua, haibadiliki na mafuta, hiyo zima taa za LED za juu, chomoa chaja za simu na inveta moja moja usikilize, kwa uzoefu wangu chaja za bei chee ndo za kwanza kukamatwa.

Tena kwa wasomaji wengine, kama gari lako ni la volti 24, lenye betri mbili zimeunganishwa, usichukue volti 12 kutoka betri moja. Hiyo moja itakuwa inachoka peke yake na mwenzake anachajiwa kupita kiasi, zote mbili utazitupa. Nunua kipunguza volti cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha.

Fundi, hivi kuna ulazima wa leseni kama redio ni yangu na gari ni langu?

Upo. Redio ni yako, masafa si yako. Tanzania unaomba TCRA, Kenya ni Communications Authority, na kifaa chenyewe kiwe cha aina iliyoidhinishwa. Kama una gari moja au mawili njia nyepesi ni kujiunga na mwenye ripita aliye na leseni ukawa unamlipa, na ukivuka mpaka pale Namanga leseni ya huku haivuki na wewe. Hivi viredio vya mkononi vya bei rahisi vinavyofunguka kuanzia megahezi 136 mpaka 174 vinaweza kukuangusha kwenye masafa ya polisi au ya hifadhi bila wewe kujua, mtu anaomba msaada wa kweli kule na wewe umemkalia juu. Sifanyi programu ya namna hiyo kwa mtu yeyote, naomba msiniletee.

Fundi habari, niko Kasulu, naendesha gari la shirika. Tuna redio ya HF ya Codan na ile antena nene mbele. Asubuhi na mchana naongea na Dar bila tabu, usiku kwa chaneli ileile napata mlio tu. Fundi wa kwetu kabadilisha kebo mara mbili.

Mwambie fundi aache kebo. HF, yani masafa ya chini kuliko VHF, haiendi kama tochi, inapanda juu angani inagonga tabaka la ayonosifea na kurudi chini mbali, ndo maana unaruka nchi nzima bila ripita. Hilo tabaka linapikwa na jua. Mchana linarudisha masafa ya juu, usiku linapungua nguvu na masafa ya juu yanatoboa yanaenda zake, hayarudi. Kwa hiyo mchana tumia chaneli ya megahezi 7 au zaidi na usiku shuka kwenye za 3 mpaka 5 kulingana na mlizopewa kwenye leseni, shirika lolote la maana linakuwa na angalau chaneli mbili kwa ajili hii. Asubuhi kunapopambazuka na jioni jua linapozama kuna muda wa kuhangaika kidogo, jaribu zote mbili.

Kwenye HF ethi ni kila kitu, kuliko hata VHF. Ule mguu wa antena ushuke kwenye chesisi kwa mkanda mpana mfupi wa shaba, siyo waya mwembamba mrefu, na boneti iwe na mkanda wake wa kuiunganisha na bodi. Na watoto wakija kulizunguka gari mnapoegesha, usibonyeze kuongea mpaka wasogee, ile antena ikirusha inaunguza mkono wa mtu, nimeona lengelenge lake.

Assalaam alaykum fundi. Sie huku Maskati tunatoka na gari tano sita kwenda ramlini wikiendi, Patrol na Land Cruiser. Tuna redio za mkononi lakini gari ya mbele ikishavuka tuta hatusikilizani. Tununue za nguvu zaidi?

Waalaykum salaam ndugu yangu, na salamu kwa wote wa huko. Redio ya mkononi ina wati 5 na mnazitumia mkiwa ndani ya sanduku la chuma na vioo, nusu ya kazi yake inafia humo humo ndani ya gari. Nunueni antena za sumaku, gari zenu paa ni la chuma kwa hiyo zitashika, muweke katikati ya paa, kebo ipite kwenye mpira wa mlango wa nyuma bila kubanwa na iingie kwenye redio badala ya kile kiantena kifupi. Peke yake hiyo mtashangaa. Sumaku ifutwe mchanga kila mara kabla ya kuiweka, la sivyo inakwangua rangi. Mkiwa na kijiti cha bendera, kiwe mbali na antena kadiri mnavyoweza, hasa kama ni cha chuma.

Tuta la mchanga bado ni ukuta, kwa hiyo mpangilio wa msafara unasaidia kuliko wati. Gari ya mbele ikifika juu ya tuta isimame hapo hapo ikiwa salama, iongee na wa nyuma ikiwa bado inaonana nao, ndo ishuke. Mkishaamua kufunga redio za kudumu za kwenye gari, leseni yake muulize mamlaka ya mawasiliano ya huko huko, na mikrofoni msiining'inize mbele ya eabegi.

Fundi mimi kila nikiongea kwenye ripita wananiambia neno la kwanza halisikiki. Nikisema "sharubu yuko mtoni", yani simba, wanasikia "yuko mtoni" tu, na hawajui nimeona nini.

Unaongea kabla ripita haijaamka. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndo uongee, mikrofoni iwe vidole vitatu kutoka mdomoni na pembeni kidogo usiipulizie. Ukimaliza hesabu moja tena ndo uachie. Kama bado linakatika, niletee redio niangalie toni.